Mkanda wa Meno Mia Mbili

Watu wakisikia kwamba mimi ni binti wa Jino-kwa-Jino huanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, kisha wananisimulia baba yangu kana kwamba mimi sikumjua. Hakosei yule mzee, wanasema. Nawajibu ndiyo, ahsante, mnataka mkanda gani? Mafundi wananiona nina ulimi mkali. Ni kweli ninao, na nina sababu.

Jina hilo alipewa na mafundi wenyewe, kwa kuwa kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kuhesabu meno ya mikanda ya mashine. Si mikanda ya suruali. Nasema ile ya mpira yenye meno upande wa ndani, inayoshikana na meno ya puli, yale magurudumu ya kuuzungusha, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Mkanda wa kawaida ukiteleza kidogo, mashine inalalamika tu. Huu wa meno ukikosea nafasi, kisu cha mashine kinashuka wakati karatasi haijafika, na kila kitu kinavurugika. Kilichowachekesha watu ni kwamba baba mwenyewe hakuwa na meno mawili ya mbele. Mjomba wangu, yaani mdogo wake marehemu mama, hakuchoka kumwambia, "Shemeji, hesabu ya kinywani kwako imekushinda, sasa hizi za watu utaziweza?"

Duka letu ni chumba kimoja chembamba kati ya mchaji betri na muuza rangi. Meza ya mbele imefunikwa bati, ukutani kuna safu za misumari, na kwenye kila msumari mikanda ya saizi moja, mipya, bado ina ile poda nyeupe inayokushika mikononi hadi jioni. Mteja huja na mkanda uliochakaa, ameuviringisha kwenye gazeti, anautupa juu ya bati na kusema, "Nipe kama huu."

Baba alilichukia neno hilo kuliko matusi. "Kama huu hatuuzi," alikuwa akijibu. "Hapa tunauza wenyewe."

Kisha anaanza, na hata ungekuwa na haraka ya mtu anayekwenda kuzimisha moto, ungesubiri. Anaufuta mkanda kwa kitambaa. Anatia alama ya chaki kwenye jino moja na kuhesabu kwa ukucha wa dole gumba, jino baada ya jino, mpaka aikute tena chaki. Anageuza na kuhesabu kwa kurudi nyuma. Hesabu mbili zisipokubaliana anaanza upya, wala haoni haya. Anapima upana. Anagandamiza meno kwenye kipande cha sabuni ili aone umbo lake, kama ni la pembe au la mviringo, na jioni sabuni ile tunakwenda nayo nyumbani. Utoto wangu wote nimefua nguo kwa sabuni yenye alama za meno.

Kilichokuwa kikibaki ndicho alichokiita roho ya kazi. Anachukua kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili, na kupima meno kumi kwa mpigo. Si jino moja. "Jino moja ni mwongo," alikuwa akiniambia. "Yakiwa kumi hayawezi kupatana kukudanganya." Maana kuna koo mbili za mikanda midogo. Moja imetengenezwa kwa kipimo cha milimita, na kutoka jino hadi jino ni milimita tano kamili. Nyingine imetengenezwa kwa inchi, na kutoka jino hadi jino ni tano na kitu kidogo mno, unene wa unywele. Ukiitazama ni mapacha. Ukipima meno kumi, tofauti inakaribia milimita moja. Ukiufikisha mkanda mzima wa meno mia mbili, tofauti ni sentimita moja na nusu na ushee, na hapo mashine haikusamehi.

Palikuwa na jambo moja zaidi, na hili sijaliona duka jingine lolote. Pembeni mwa mlango kuna msumari mrefu kuliko yote, tunauita msumari wa mashahidi. Mkanda wa zamani wa mteja hatuutupi. Tunauwekea kikaratasi chenye tarehe na jina la mashine, unaning'inia pale siku saba. Mashine ikileta matata ndani ya wiki hiyo, mteja anarudi, shahidi anashushwa, anapimwa mbele ya kila aliyepo. Nakumbuka mashahidi watatu walioshushwa, na mara zote tatu kosa lilikuwa la fundi, si la baba. Baba hakuwahi kumcheka fundi hata mmoja. Mjomba ndiye aliyecheka kwa niaba yake.

Mjomba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha biskuti, upande wa kufungia pakiti. Miaka ishirini na miwili, ovaroli moja, benchi moja, na kikombe kimoja cha bati ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Hakuoa. Kila Jumapili alikula kwetu, na mama alipofariki hakuacha. Aliingia, akavua viatu, akamtania baba kuhusu meno, akala, akalala kwenye kochi. Baba alijifanya kuudhika. Lakini Jumapili mjomba akichelewa, baba hakugusa chakula.

Sasa niseme habari ya macho.

Nilianza kuyaona yakimharibikia baba mwaka mmoja kabla ya kisa hiki. Alimimina chai nje ya kikombe. Alisalimia watu kwa sauti zao, si kwa sura. Kalipa aliisogeza hadi puani, halafu baadaye nikaona haisogezi tena, anaiacha kwenye droo. Katikati ya jicho la kulia palikuwa na kitu cheupe kama tone la maziwa. Nikamwambia, "Baba, huo ni mtoto wa jicho. Hospitali wanautoa."

"Macho yangu yako hapa," akasema, akaniinulia dole gumba.

Mficha uchi hazai. Methali hiyo ningeweza kumwambia, maana yeye ndiye aliyenifundisha, lakini nilinyamaza. Nilijua anachokiogopa. Mpima mikanda asiyeona akienda hospitali, mtaa mzima utajua kabla hajarudi. Basi nikawa napima mimi kimyakimya anapokwenda kula, na nikajiambia inatosha.

Jumatatu moja asubuhi mjomba akaja, mkanda begani. "Mashine ya pakiti, shemeji. Umeanza kupasuka juzi. Nipe kama huu," akasema makusudi, ili amchokoze.

"Toka dukani kwangu," baba akamjibu, na mkono tayari umeshaufikia mkanda.

Akahesabu. Mia mbili. Akageuza, mia mbili. Akagandamiza sabuni, meno ya pembe, ila koo zote mbili zina meno ya pembe, kwa hiyo sabuni haikuwa na la kumwambia. Kisha akavuta droo. Nilimwona. Aliiangalia kalipa ile, mkono ukasimama hewani, halafu akaisukuma droo ikafunga. Mimi nilikuwa na mteja mwingine mbele yangu anayenihimiza, na nilijipa sababu hiyo. Baba akaenda ukutani, akapapasa misumari ambapo koo hizo mbili zimepakana, akatoa mkanda. Akauhesabu nao kwa ukucha, polepole, bila kosa.

"Mia mbili kwa mia mbili," akasema.

Mjomba hata hakuutazama. "Wewe ukishasema, nani aseme tena?" Akautia mfukoni na kuondoka. Mimi nikamwandikia shahidi kikaratasi, nikamtundika.

Jumatano alasiri akarudi. Hakutania. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba, mikono yake yote miwili imejaa grisi ambayo hakuwa ameinawa.

"Umeruka meno," akasema. "Kisu kikashuka pasipo pake. Shafti imepinda na beringi mbili zimekwenda. Mashine imelala."

Baba akamuuliza, "Ulipoufunga ulikaaje?"

"Ulikuwa umelegea, halafu unapandapanda kidogo juu ya puli. Nikajisemea, shemeji amepima huu, mimi ndiye sijakaza vizuri. Nikakaza mpaka ukatulia." Akajifuta paji la uso kwa kiwiko. "Wanasema nimekaza kupita kiasi. Ijumaa saa nne nina kikao. Wakinikuta na kosa, kazi sina."

"Hesabu ilikuwa mia mbili," baba akasema.

"Najua, shemeji. Sijaja kukuuliza wewe. Nimekuja kukueleza tu usije ukasikia kwa watu."

Alipoondoka baba alikaa anaipangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi nilifungua duka mapema, peke yangu. Nikamshusha shahidi. Kikaratasi kilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe. Nikapima meno kumi ya mkanda ule wa zamani: hamsini kamili. Nikatoa ukutani ndugu wa ule mkanda aliopewa mjomba, nikapima kumi: hamsini na moja kasoro kidogo. Nikapima tena nikitumaini mkono wangu umetetemeka. Haukuwa umetetemeka. Nikaitundika yote miwili kwenye msumari mmoja, na ule mpya ukashuka chini ya mwenzake kwa upana wa penseli.

Baba alipofika nilimshika mkono, nikampeleka mpaka msumarini, nikauweka mkono wake chini kabisa pale mikanda inapoishia. Dole gumba likapita kwenye mmoja, likadondokea kwenye mwingine. Likarudi. Likapita tena. Nilimwona usoni alipoelewa, na sipendi kukumbuka.

Akatafuta kiti.

"Mrudishe shahidi mahali pake," akasema.

"Baba, kesho saa nne—"

"Siku naijua. Mrudishe. Nitakwenda naye mwenyewe."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Huyu ni mtu aliyewahi kumfuata mteja kilomita nzima kwa miguu kwa sababu alimhesabia jino moja pungufu. Siku nzima ile nilijipa moyo. Niliwaza aibu itakuwapo, ndiyo, mafundi watasema, lakini mjomba atarudi kwenye benchi lake, baba atakwenda hospitali, na Jumapili tutakula. Alasiri aliniambia nimtangulie nyumbani, yeye atafunga. Nikamwacha.

Ijumaa asubuhi nilimkuta amekaa nyuma ya meza na shati lake la kazi. Niliangalia mlangoni. Msumari wa mashahidi ulikuwa na mikanda mitatu badala ya minne.

"Shahidi wa mjomba yuko wapi?"

"Wiki imekwisha," akasema.

"Leo ni siku ya tano, Baba."

Juu ya bati palikuwa na mkasi wa kukatia mpira, na chini, sakafuni, jino moja jeusi dogo ambalo ufagio haukulipata. Pipa la taka lilikuwa tupu. Gari la taka hupita saa moja. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa mbili na robo.

Nilimchukia. Naandika hivi na yeye bado yu hai, na akitaka atanisikia nikimsomea. Nilimchukia kwa sababu maisha yake yote alikuwa amewakaripia watu kwa kukisia, na siku yake ilipofika hakutaka hata kukisia, alitaka kusiwe na kipimo kabisa. Na ningeweza kwenda mwenyewe. Miguu ninayo, kiwanda nakijua, saa nne ilikuwa bado. Ningesimama mbele ya wale wakubwa niseme, nimepima kwa mkono wangu, kosa ni la duka letu. Sikwenda. Nilimuuzia mtu mkanda wa mashine ya kukoboa, nikamrudishia chenji, nikamtakia kazi njema.

Mjomba alipita jioni. Kikombe chake cha bati alikuwa amekishika mkononi, kwa hiyo hatukuhitaji kuuliza.

"Waliniuliza kama mkanda ulikuwa ndio wenyewe," akasema. Alikuwa anamwambia baba, kwa upole, kama mtu anayeleta habari njema. "Nikawaambia, aliyeupima ni shemeji yangu, na huyo hajakosea tangu nimjue. Kama mkanda ulikuwa ndio, basi mkosaji ni mimi. Nikawaambia hivyo hivyo. Sikutaka kuwasukumia watu lawama."

Baba alifumbua mdomo. Nilisubiri. Akasema, "Kaa, unywe chai."

Miezi mitatu ilipita. Kiwandani walibadilisha puli zote pamoja na mkanda, vya zamani vikaenda na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mjomba alipata kazi ya kulinda geti la ghala moja. Kofia kubwa, fimbo, benchi la mbao. Hilo lingevumilika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mafundi wengi wangemchukua. Ila yeye hakutaka tena kugusa mashine. Siku pasi yetu ilipoharibika nilimpa aitazame, akaigeuza mara moja mikononi na kuirudisha mezani. "Mpelekee fundi," akasema. Mikono yake haikuwa na kasoro hata moja. Alikuwa ameacha kuiamini, kwa sababu aliyapima mambo mawili, mikono yake na neno la baba, akaamua kilichokosea ni mikono.

Nadhani pasi ile ndiyo iliyomvunja baba. Jumapili iliyofuata, kabla chakula hakijapoa, aliweka kijiko chini.

"Shemeji, mkanda ule nilikosea mimi. Ulikuwa wa inchi. Wako ulikuwa wa milimita. Sikupima kumi, kwa sababu sioni."

Mjomba aliacha kutafuna. Alimwangalia baba, akaniangalia mimi, kisha uso wake ukalegea, na nikaona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa ameguswa.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Lakini acha. Usijivunjie heshima kwa ajili yangu."

"Nakwambia kweli!"

"Mjomba, ni kweli," nikasema. "Nilipima mwenyewe, Alhamisi ile. Tofauti ilikuwa upana wa penseli."

"Na wewe amekufundisha." Akatikisa kichwa, karibu kucheka. "Haya, mleteni shahidi. Si mnaye msumarini? Mleteni apimwe."

Baba alisema kwa sauti ndogo, "Nilimkata."

Hapo mjomba akacheka kabisa, cheko lake la zamani, la kwanza tangu apoteze kazi. "Wewe! Wewe umkate shahidi! Shemeji, uongo una watu wake, wewe huuwezi. Kula, chakula kinapoa." Akampigapiga baba begani, akaendelea kula.

Baba alijaribu tena Jumapili nyingine, na nyingine. Kila alipoapa, mjomba alimpenda zaidi. Mara ya nne mjomba alimwomba, kwa heshima kabisa, asiliseme tena jambo hilo, maana linamuumiza. Basi hakulisema tena.

Baadaye alikwenda hospitali. Wakamfungua jicho moja, na siku ya kwanza alipotolewa bandeji alisoma kalipa kutoka mbali kuliko ninavyoweza mimi. Nilimwambia arudi dukani. Alikataa. Siku hizi kila alasiri anakwenda kukaa na mjomba kwenye lile benchi la getini mpaka zamu iishe. Mimi ndiye niliye mezani. Napima kumi kila mara, na mashahidi nawaacha mwezi mzima.

Wiki iliyopita nilipita pale na mwavuli wao, wingu lilikuwa limefunga. Dereva wa lori alikuwa anasubiri getini akilalamika kwamba mkanda aliouziwa mahali fulani haukukaa. Mjomba akainuka kwenye benchi, akamshika baba bega mbele ya yule dereva.

"Ungekwenda kwa huyu," akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Maisha yake yote hajakosea mkanda hata mmoja. Muulize."

Dereva akamgeukia baba. "Eti, mzee, ni kweli?"

Baba alimtazama mjomba kwa lile jicho zima, akaitazama kofia yake na ile fimbo. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Ni kweli," akasema, akasogea pembeni ili mjomba apate nafasi ya kukaa.